Leso Iliyobaki Kwenye Gari

Leso ya mama niliikunja mwenyewe, nikaiweka kwenye kiti cha nyuma, nikafunga gari. Naanza na hapo kwa sababu kila ninapojaribu kujitetea, na nimejitetea mara nyingi, huanza mahali pengine. Huanza na foleni, au na jua, au na mwendeshaji wa bembea aliyetuhimiza tuingie upesi. Lakini kisa hiki hakikuanzia huko. Kilianza na mikono yangu ikikunja leso.

Ilikuwa likizo ya Agosti. Tulitoka Nairobi kwa gari letu, mimi, mume wangu na binti yetu wa miaka kumi na miwili, tukalala siku mbili kwa mama yangu huko Bofu, Likoni. Mpango ulikuwa tumchukue mama twende naye hadi Malindi, na njiani, upande wa Bamburi, tupitie uwanja mmoja wa mabembea na michezo ambao binti yangu aliuona kwenye simu akauzungumzia wiki nzima. Mpango huo niliuandika mimi, kwenye daftari, tangu mwezi wa sita. Mume wangu huniita waziri wa safari, na akisema hivyo hanisifu. Mimi ni mtu wa kupanga, na nikishapanga, huwaona watu kama mizigo ya kupakiwa.

Mama alikuwa hajasafiri kwa starehe maisha yake yote. Sisi asili yetu ni Kaloleni. Baba alishuka pwani kufanya kazi za kibarua bandarini, akapata kiwanja Bofu, akajenga vyumba viwili, na alipofariki mama akabaki navyo. Kwa miaka thelathini aliuza mboga soko la Likoni. Kabla ya jua kuchomoza alivuka feri kwenda Kongowea kununua mchicha, mnavu na kisamvu, akarudi na furushi kichwani. Aliacha biashara magoti yalipogoma na presha ilipopanda. Safari zake zote zilikuwa za mzigo, msiba au harusi, na hii nilitaka iwe zawadi.

Zawadi ilianza na gauni. Nilimnunulia gauni la rangi ya maziwa, lenye mkanda kiunoni na mikono ya kitambaa chepesi. Asubuhi ya safari alilivaa, akajitazama kwenye kile kioo chake kidogo cha ukutani ambacho huonyesha uso tu, akacheka.

"Hili la bibi harusi," akasema.

Kisha akachukua leso yake akaifunga juu yake, kama kawaida, na upande wa pili wa leso ile, maana leso huuzwa jozi, akaukunja akautia kwenye mkoba. Mama yangu hajapata kutoka mlangoni pake bila leso. Nililiona, nikaliweka moyoni kama jambo la kurekebisha baadaye.

La kwanza nililolirekebisha lilikuwa dawa. Mama humeza kidonge cha presha kila asubuhi, kile kinachomfanya mtu aende msalani kila mara. Nilimuuliza kama amekimeza.

"Leo ni safari, mwanangu. Nitakimeza tukifika."

"Daktari alisema kila asubuhi, mama."

"Daktari hasafiri na mimi."

Binti yangu alicheka. Mimi sikucheka. Nilimtilia kidonge kiganjani, nikamjazia gilasi ya maji, nikasimama mbele yake kama muuguzi hadi maji yote yakaisha. Nilijiona mtoto mwema anayejali afya ya mzazi wake. Labda nilikuwa. Lakini mama alikuwa akiujua mwili wake na barabara zake kuliko mimi na daktari.

La pili lilikuwa kiti. Kwetu, na kwa akina mume wangu huko Machakos vilevile, mama mkwe na mkwewe wa kiume hukaa mbalimbali kwa heshima. Hawakai bega kwa bega, na wakizungumza kila mmoja hutazama pembeni kidogo. Tangu nilipoolewa, mama na mume wangu husalimiana kwa uangalifu kama watu wanaopokezana yai. Mama alikwishaingia kiti cha nyuma. Nikamtoa. Nikamwambia mambo hayo ni ya zamani, akae mbele aione njia. Mume wangu akanitazama kwa jicho ambalo nilijifanya sikuliona. Basi mama akaketi mbele, ameegemea mlango, leso ameivuta mpaka magotini, na toka Bofu hadi feri, na toka feri hadi daraja la Nyali, hakuongea ila pale aliposema, "Mkwe, pole na kazi," naye mume wangu akajibu, "Asante, mama," wote wakitazama mbele.

Kwenye maegesho ya ule uwanja kulikuwa na magari mazuri. Familia zilikuwa zikishuka na kofia na miwani ya jua, kina mama wamevaa suruali na viatu vya mazoezi. Nami nilivaa miwani yangu myeusi mikubwa, nimeinunua kwa safari ile. Nikamtazama mama akishuka, gauni la rangi ya maziwa halionekani, limefunikwa na leso nyekundu iliyokwisha kupauka, na chini yake miguu yake yenye nyufa ndani ya malapa.

"Mama, leso iache kwenye gari."

"Kwa nini?"

"Gauni linapendeza likiwa peke yake. Hapa si matangani, wala si sokoni."

"Mwanamke hatoki na nguo moja, mwanangu. Safari ina mambo."

"Mambo gani? Tumekuja kucheza."

Alimtafuta mume wangu kwa macho. Alikuwa amegeuka, anakagua tairi ambalo halikuwa na neno. Nilifungua fundo la leso kiunoni mwake kwa mkono wangu mwenyewe, nikautoa na ule upande wa pili mkobani, nikazikunja zote mbili, nikazifungia ndani.

Nitasema kweli yote, maana nusu yake nimeisema sana. Niliona haya. Wala mama hakuwa amefanya jambo. Niliona haya ya vile alivyo, mbele ya watu nisiowajua na ambao sijawaona tena hadi leo.

Ndani mambo yalianza vizuri. Mume wangu huogopa mashine za juu, kwa hiyo alikwenda kukaa kwenye meza za kivulini na mikoba yetu, kungoja viazi vya kukaanga. Sisi watatu tukazunguka. Palikuwa na muziki mkubwa, harufu ya bisi, viti vya kuning'inia vinavyozungushwa juu ya minyororo, na magari madogo ambayo watu huingia ili wagongane. Mama alisimama pale kwenye magari akatazama muda mrefu.

"Hawa wamelipa ili wagongane?"

"Ndiyo, nyanya," akasema binti yangu.

"Si wangekuja Likoni wapande tuktuk."

Tulicheka mpaka watu wakageuka. Saa ile nilimpenda mama yangu sana, na nilijipenda na mimi pia kwa kumleta. Nikatoa simu nianze kupiga picha.

Mwisho wa uwanja kulikuwa na merikebu ya chuma. Ni bembea kubwa yenye umbo la merikebu, watu huketi safu kwa safu, nayo huyumba mbele na nyuma hadi karibu isimame wima. Hiyo ndiyo aliyoijia binti yangu. Tukapanga foleni, na foleni ilikuwa ndefu. Tulipokaribia kufika mbele, mama akanishika kiwiko.

"Mwanangu, nataka kwenda msalani kwanza."

Vyoo vilikuwa karibu na lango tulikoingilia, mwendo mrefu kwa magoti yake. Nikatazama nyuma nikaona watu, nikatazama mbele nikaona waliobaki ni wanne.

"Mkishuka, mama. Ni dakika tatu tu."

"Basi nendeni nyinyi wawili. Mimi nitakwenda nirudi."

Binti yangu akasema, "Mama, twende na nyanya, tutapanga tena." Nikamwambia anyamaze. Halafu nikapandisha sauti, nikihakikisha foleni nzima inasikia, nikasema, "Wewe mama umevuka feri miaka thelathini, leo unaogopa merikebu isiyogusa hata maji?"

Watu wakacheka. Mzee mmoja nyuma yetu akasema, "Panda, mama, tupande sote." Mama ni mtu asiyeweza kukataa mbele ya watu. Nilijua hivyo, ndiyo maana nilisema kwa sauti. Akaniachia kiwiko, akaingia na mjukuu wake, akafungiwa chuma cha mapajani. Mimi nilibaki chini, kando ya ua wa vyuma, miwani usoni na simu mkononi, nipate picha nzuri ya video.

Picha ilikuwa nzuri kweli. Merikebu ilipoyumba mara ya kwanza mama alitabasamu. Ya pili akafumba macho. Ya tatu akafungua kinywa, lakini sauti haikutoka, mkono mmoja ukawa unatafuta kitu mapajani, unashika hewa, unashika gauni, unashika hewa tena. Leo najua alikuwa akitafuta leso. Wakati ule nilicheka. Kicheko changu kimo ndani ya picha ile, nacho nakisikia bado. Nilikuwa nikisema, "Tazameni mama wa Likoni, tazameni." Nilipiga mpaka merikebu ikatulia, mama akajaribu kusimama, akanyanyuka nusu, akaketi tena. Nikaituma ikiwa bado moto kwenye kundi la familia, na chini yake nikaanza kuandika maneno ya mzaha.

"Mama, njoo," binti yangu akaita.

Nilikuwa naandika.

"Mama, njoo."

"Shukeni, wenzenu wanangoja."

"Mama."

Nilipoinua macho nilimwona binti yangu amefungua chupa yake ya maji, ile aliyoitundika begani, anammiminia nyanya yake mapajani. Akamaliza nusu, nusu nyingine akajimwagia mwenyewe.

Nilipiga kelele. Nilimwambia ana wazimu. Nilimwambia gauni la nyanya yake ni jipya, na kwamba mtoto wa umri wake anapaswa kuwa na akili. Watu waliokuwa wanashuka wakasimama kututazama. Binti yangu akasema kwa sauti iliyosikika na wote, "Pole nyanya, chupa imeniponyoka." Lakini alipokuwa akisema hivyo alikuwa ananitazama mimi, na sijawahi kutazamwa hivyo na mtu.

"Usimgombeze mtoto," mama akasema. "Ni maji tu. Si neno."

Ndipo akasimama kushuka, akageuka kushika kile chuma, nikaona mgongo wa gauni. Maji ya chupa yalimwagwa mbele. Nyuma kulikuwa kumelowa hadi chini, na kwenye kitambaa cha rangi ya maziwa hakuna kinachojificha.

Husemwa mvuliwa nguo huchutama. Mama hakuwa na pa kuchutamia. Alisimama ngazi ya juu mbele ya foleni yote, mikono amerudisha nyuma, viganja wazi, kama mtoto anayejiziba.

Kulikuwa na mwanamke wa usafi, mtu wa makamo, koti la kazi la kijani na leso amejifunga kiunoni juu ya koti. Alikuwa anafagia karibu na ngazi. Aliweka ufagio chini bila haraka, akafungua leso yake huku anapanda, akaizungusha kiunoni kwa mama kwa mkupuo mmoja.

"Upepo huu wa Agosti si mzuri kwa miguu, mama," akasema. "Jifunge hii."

"Ahsante, mwanangu," mama akasema.

Mwanangu. Kwa mwanamke yule alisema mwanangu.

Walishuka watatu, mama katikati, binti yangu amemshika upande mmoja na yule mwanamke upande mwingine, wakaelekea vyooni kule karibu na lango. Ningewafuata. Miguu yangu ilikwisha kunyanyuka. Lakini simu ikalia mkononi, nikatazama, ni wifi yangu amejibu kwa vile vikatuni vya kucheka mpaka machozi, na nikakumbuka kundi lile ni kundi gani. Si la kwetu. Ni la upande wa mume wangu, ndugu zake, dada zake, mama yake mzazi, na yeye mwenyewe. Nikaifungua picha nikaitazama tena mpaka mwisho, pale mama anaponyanyuka nusu, na pale mwisho kila kitu kilionekana.

Nikabaki pale kando ya ua nikihangaika kuifuta. Mtandao ulikuwa mzito, kile kiduara kinazunguka, mimi nakibonyeza kana kwamba nikibonyeza kwa nguvu kitakwenda mbio. Sijui zilipita dakika ngapi. Mama yangu alikuwa akivuliwa na kuoshwa na mtu asiyemjua na mtoto wa miaka kumi na miwili, nami nilikuwa nashughulikia simu. Hatimaye ikafutika. Wifi akaandika, "Umefuta nini, mbona tulikuwa tunacheka?" Nikajibu, "Ilijituma kimakosa."

Nilipofika vyooni walikuwa wanatoka. Mama amenawa uso, ile leso ya kijani na nyeupe ameifunga vizuri, gauni limekamuliwa na kutiwa kwenye mfuko wa plastiki, na juu amevaa sweta ya binti yangu, imembana mabegani. Yule mwanamke alikuwa amekwisha kurudi kazini. Nilitaka kusema kitu. Nilichosema ni, "Mko tayari?"

"Mkwe yuko wapi?" mama akauliza. Hilo tu ndilo lililokuwa likimsumbua. "Asije akaniona hivi."

Nilikwenda mbele kumwambia mume wangu, huku natunga uongo. Sikuhitaji uongo. Aliponiona alinipa funguo za gari. "Waambie waingie," akasema, "mimi nataka kunyoosha miguu." Akatembea kuelekea upande mwingine wa maegesho, akasimama huko ametupa mgongo, mpaka mama akaingia kiti cha nyuma, akajifunika leso zake mbili juu ya ile ya kuazima. Aliporudi aliketi kwenye usukani, akarekebisha kioo cha katikati kikatazama dari. Nilimuuliza kwa sauti ya chini kama ameona kitu kwenye simu.

"Simu yangu imezima tangu feri," akasema.

Tangu feri simu yake ndiyo iliyokuwa ikitupigia muziki.

Njia ya Kilifi ina mikonge mingi, na mbele ya mikonge ile ndipo nilipokumbuka jambo nililolisahau miaka mingi. Nilikuwa na miaka minane, nimekwenda Kongowea na mama siku isiyo ya shule, nikala maembe mabichi kwa chumvi mpaka tumbo likachafuka. Katikati ya feri, tumesongamana na watu, tumbo likaniachia. Nikasimama siwezi kulia wala kusogea. Mama alitua furushi la mboga, akafungua leso, akanizungusha toka kifuani hadi miguuni, akanipakata mtoto mzima wa miaka minane. Watu walipoanza kuziba pua alisema kwa sauti, "Mtoto ana homa, jamani, nipisheni nikae naye hapa pembeni." Mboga zake zilikanyagwakanyagwa. Hajapata kuitaja siku ile hata mara moja, hata kwa utani, hata nilipokuwa mjeuri.

Uongo wa mama kwenye feri na uongo wa binti yangu kwenye merikebu ni uongo mmoja. Binti yangu hakuupata kwangu.

Malindi tulikaa siku tatu. Jioni ya kwanza nilimkuta binti yangu barazani, nikamwambia nimekosa kumgombeza. Akasema, "Nilikuita mara tatu." Nikasema najua. "Ulikuwa unacheka," akasema, na akaendelea kutazama simu yake. Kwa mama nilisema pole. Akaniuliza pole ya nini, akaanza kuzungumza juu ya bei ya samaki. Nilishukuru, na kushukuru kwangu kulinitia haya upya.

Ile leso ya kuazima aliifua kwa mkono asubuhi ya pili, akaianika kivulini isipauke, akaikunja akaiweka chini ya mto akailalia ili inyooke. Kisha akanituma nimnunulie halua. Kwetu chombo cha mtu hakirudi kitupu, ukiletewa sahani ya futari unairudisha na kitu, na mama aliona leso nayo ni chombo. Halua akaifunga katikati ya leso, akaiweka magotini njia nzima ya kurudi.

Tulipofika tena ule uwanja, nilidhani atashuka. Akanipa lile furushi dirishani.

"Nenda wewe. Mimi akiniona atakumbuka. Mwambie wewe ndiwe mwanangu, umshukuru vizuri, usimpe kama mtu anayelipa deni."

Nilikwenda. Sikuwa na miwani siku ile, na kichwani nilijifunga kitambaa. Walinzi walinielekeza, nikamkuta nyuma ya vyoo anasuuza matambara. Nikampa salamu, nikamwambia nimetumwa na yule mama wa merikebu. Uso wake ukafunguka. Alikausha mikono kabla ya kuipokea leso, akainusa, akacheka alipoona halua.

"Jamani. Hajambo lakini?"

"Hajambo."

"Na yule mjukuu wake?"

"Naye hajambo."

"Mtoto yule Mungu amweke. Kuna watu wazima hawana akili ile." Akasogea karibu, akashusha sauti. "Maana siku ile palikuwa na mwanamke amesimama pale chini, na miwani yake, anampiga picha mama wa watu huku anacheka. Wallahi nilimwona. Kisha akamrukia na yule mtoto kwa makelele. Mtu kumfanyia hivyo mzazi wa mwenzake! Nikasema, laiti mtoto wa huyu mama angalikuwa hapa, angemnyang'anya ile simu akaitupa."

Nilikuwa natazama ndoo yake.

"Hivi ana watoto, yule mama?"

"Anaye mmoja," nikasema.

"Yuko wapi?"

"Yuko Nairobi."

Akatikisa kichwa kwa huruma, akasema wengi ndivyo walivyo, kazi zimewapeleka mbali. Akanipa mkono. Nikampa wangu, ule ule uliofungua fundo la leso. Nikarudi garini polepole, na njiani nilisimama mara moja, nikageuka nusu, nikaenda zangu.

Mama alikuwa kiti cha nyuma, leso yake imemfunika magoti. Mume wangu alikuwa nje, anakagua tairi.

"Mwanangu."

"Abee, mama."

"Umempata?"

"Nimempata. Amefurahi. Amesema ahsante sana."

"Umemwambia wewe ndiwe mwanangu?"

Binti yangu aliinua macho kutoka kwenye simu akanitazama.

"Ndiyo," nikasema.

"Vyema," mama akasema, akaegemea kiti, akafumba macho. "Ajue sikuwa peke yangu."